Bellone: frigeti ya Kifaransa iliyowinda merikebu za mali kuanzia Bengal mpaka Komoro

Tarehe 3 Julai 1810, kusi imekolea, merikebu tatu za Kiingereza zilikuwa zinapanda na Mlango wa Msumbiji zikivikaribia visiwa vya Komoro. Majina yake Ceylon, Windham na Astell, zote zinaitumikia Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, zimetoka Rasi ya Tumaini Jema zinakwenda Madras, na ndani zimebeba mamia ya askari wa kikosi cha 24. Asubuhi ile wakaona matanga ya vyombo vitatu. Hayakuwa matanga ya rafiki. Chombo kikubwa kati ya vile vitatu ilikuwa manowari inaitwa Bellone na nahodha wake, Guy-Victor Duperré, hakuwa amepotea njia, alikuwa pale makusudi anasubiri merikebu kama hizo.

Nataka niifuate hii Bellone tangu inatoka kwao mpaka inakamatwa, maana maisha yake yote ya uwindaji hayafiki hata miaka miwili, Januari 1809 mpaka Desemba 1810, na ndani ya huo mda mfupi unaona wazi kazi ya kuwinda meli za mali ilikuwa kazi gani hasa, ililipa vipi, ilikula nini, na kwa nini ilipofana sana ndo ikaua bandari iliyoilisha.

Kwanza tutenganishe watu watatu ambao huwa wanachanganywa sana. Haramia hana serikali, anampora yeyote, akishikwa ananyongwa. Alafu yupo mwenye meli binafsi aliyepewa barua na serikali yake imruhusu kuteka meli za adui wakati wa vita, huyu ni mfanyabiashara kabisa, anaweka mtaji, anaajiri mabaharia, anatafuta faida, na kwenye Bahari ya Hindi Mfaransa aliyesifika kwa kazi hiyo kuliko wote ni Robert Surcouf wa Saint-Malo, mji wa bandari wa Ufaransa. Bellone haipo kwenye makundi hayo mawili. Yenyewe ilikuwa mali ya dola, manowari ya jeshi la wanamaji la Napoleon, nahodha ni afisa anayefuata amri. Ila hata manowari ya serikali ikiteka meli kulikuwa na fungu la watu wake: ngawira inapelekwa bandarini, mahakama inaangalia karatasi kama kweli ni mali ya adui, ikithibitika meli na shehena vinauzwa, alafu pesa inagawanywa kuanzia nahodha mpaka kijana wa jikoni, kila mtu kwa cheo chake. Kwa hiyo baharia wa kawaida aliyekuwa mlingotini akichungulia upeo wa bahari alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuchungulia vizuri.

Na frigeti yenyewe ni chombo cha aina gani? Zile manowari kubwa za kusimama kwenye mstari wa vita kwa kawaida zilikuwa na mizinga 74 na kuendelea, nzito, zinakula chakula na watu wengi mno. Frigeti ni nyepesi, milingoti mitatu, sitaha moja kuu ya mizinga, mbio. Bellone ilijengwa Saint-Malo, palepale kwa kina Surcouf, ikahesabiwa mizinga 44, na ile mikubwa ya sitaha kuu ilikuwa 28, kila mmoja unarusha tufe la ratili 18, watu ndani zaidi ya 300. Chombo cha namna hiyo kinaipiga meli yoyote ya biashara, na kikikutana na manowari kubwa kinainua matanga na kuondoka.

Sasa kwa nini Ufaransa ihangaike kupeleka vyombo kama hivyo huku mbali? Jibu lipo Trafalgar, Oktoba 1805, vita vya baharini ambavyo Waingereza waliwashinda Wafaransa vibaya. Baada ya pale Napoleon hakuwa tena na uwezo wa kukutana na Waingereza bahari kwa bahari, kundi kwa kundi, kwa hiyo ikabaki kumkata adui mkoba wake. Na mkoba wa Uingereza kwa sehemu kubwa ulikuwa Uhindi. Kutoka Bengal zilikuwa zinakuja hariri, pamba, nili, na kitu kimoja watu wanakisahau: shura. Baruti haitengenezeki bila shura, na Uingereza ilikuwa inaitegemea sana shura ya Bengal, yaani merikebu moja ikitekwa sio tajiri wa London peke yake anayelia, hata jeshi linaguswa.

Kwa hiyo mwishoni mwa 1808 na mwanzoni mwa 1809 Wafaransa wakapenyeza frigeti nne mpya mmoja mmoja katikati ya Waingereza waliokuwa wamezingira bandari zao: Vénus ya nahodha Hamelin, Manche, Caroline na Bellone. Duperré alitoka Saint-Malo Januari 1809 na Mei akawa ameshafika Isle de France, ambayo leo tunaiita Mauritius. Gavana wa pale alikuwa Jenerali Charles Decaen, mtu mgumu, ameshaongoza tangu 1803 na msaada kutoka Ulaya ulikuwa unamfikia kwa tabu.

Hapa lazima nisimame kidogo kwenye hicho kisiwa, kwa sababu bila bandari frigeti ni mbao tu inayoelea ikisubiri kuoza. Isle de France ilikuwa na bandari mbili nzuri, Port Napoléon kaskazini magharibi (Port Louis ya leo) na Port Impérial kusini mashariki, ambayo ndo Grand Port. Ilikuwa inakaa karibu na njia zote za Waingereza. Lakini vifaa vya merikebu, milingoti mirefu, kamba za katani, lami, nguo ya matanga, vyote vilitakiwa vitoke mbali, na walikuwa wanazingirwa. Mchele na ng'ombe walitegemea Madagaska. Na mikono iliyokuwa inalima mashamba, inabeba mizigo na kufanya kazi bandarini ilikuwa ya watumwa, watu wa Madagaska, wa Msumbiji na wa pwani yetu hii. Huko nyuma, mwaka 1776, Mfaransa mmoja anaitwa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, na wengi wa waliouzwa kwa Wafaransa walikuwa wanaishia kwenye visiwa hivi. Mimi siwezi kusoma habari za hizi frigeti na utukufu wake bila kukumbuka kwamba biskuti na nyama iliyopakiwa ndani ilipita kwenye mabega ya watu wa Kilwa na Msumbiji ambao hakuna aliyeandika majina yao kwenye daftari la mgao.

Turudi baharini. Mwindaji yeyote lazima ajue mnyama anapita wapi na lini, na huku kwetu saa ya kila kitu ilikuwa monsuni. Hata mzee yeyote wa majahazi angeweza kumchorea Duperré ramani yake. Mwisho wa mwaka, kaskazi inapoingia, merikebu zinashuka toka Bengal zimejaa, kwa hiyo unakwenda kuzingoja Ghuba ya Bengal. Katikati ya mwaka, wakati wa kusi, merikebu zinazopinda Rasi kwenda Uhindi zinaweza kuingia Mlango wa Msumbiji, upepo upo mgongoni, na Anjouan, Nzwani ya Wakomoro, watapata maji, nyama na matunda, kwa hiyo unazingoja Komoro. Na miezi ya kwanza ya mwaka, msimu wa vimbunga, unarudi bandarini ukarabati chombo. Ukiisoma kalenda ya Bellone unakuta inafuata hesabu hiyohiyo.

Safari ya kwanza ilikuwa Ghuba ya Bengal. Tarehe 2 Novemba 1809 Bellone ikamkamata Victor, chombo kidogo cha vita cha Waingereza chenye mizinga 18, na hicho chombo kina hadithi yake ya peke yake ambayo mimi huwa naipenda. Kilijengwa Saint-Malo mwaka 1807 kwa ajili ya Surcouf, jina lake likiwa Revenant. Kilipofika Isle de France Decaen akakitwaa kwa ajili ya jeshi, Surcouf akakasirika kwelikweli, kikapewa jina Iéna. Oktoba 1808 Waingereza wakakikamata, wakakiita Victor. Sasa Bellone inakirudisha mikononi mwa Wafaransa, chombo cha mji mmoja kimekamatwa na chombo cha mji uleule, nusu ya dunia kutoka nyumbani kwao.

Siku 20 baadaye, tarehe 22 Novemba, ikapambana na Minerva, frigeti ya Wareno (Ureno ilikuwa upande wa Uingereza tangu Napoleon aivamie 1807), ikaipiga mpaka ikashusha bendera. Minerva ikageuzwa Minerve na akapewa Pierre Bouvet, afisa mzaliwa wa Réunion, kisiwa jirani cha Isle de France, mtoto wa bahari hizihizi. Mwanzoni mwa Januari 1810 wakarudi Isle de France, walitoka na chombo kimoja wanarudi na vitatu.

Unaweza kusema hapo ni faida tupu, lakini angalia vizuri. Kila chombo unachokamata unatakiwa ukitolee watu wa kukiendesha na wa kuwalinda mateka, na hao watu unawatoa kwenye sitaha yako mwenyewe. Frigeti inayoteka sana inazidi kupungua nguvu kila siku ya ushindi wake. Minerve peke yake ilihitaji mamia ya mabaharia, na Isle de France haikuwa na kiwanda cha mabaharia, wakawa wanaokoteza: watu wa visiwani, mabaharia wa meli zilizotekwa, hata wafungwa wa kivita waliokubali kubadili upande, hasa Waayalandi ambao walikuwa na kinyongo chao cha zamani na Mwingereza. Milingoti na kamba ndo hivohivo, ukiteka meli unaifungua na kuvaa vya kwake. Yaani kisiwa kizima kilikuwa kinaishi kwa kuvaa nguo za adui, na shehena zenyewe mara nyingi zilinunuliwa na wafanyabiashara wa nchi zisizo vitani, hasa Wamarekani, maana bandari ikizingirwa huwezi kula hariri.

Na je Uingereza iliumia kiasi gani? Hapa watu wanatia chumvi kila upande. Frigeti hizi zilikamata merikebu kubwa za Kampuni, hilo halina ubishi: Caroline ilizichukua Streatham na Europe tarehe 31 Mei 1809, kundi la Hamelin likachukua United Kingdom, Charlton na Windham tarehe 18 Novemba. Lakini msimu huohuo kimbunga kimoja, Machi 1809, kilizimeza merikebu nne za Kampuni kwa mpigo mmoja: Calcutta, Bengal, Lady Jane Dundas na Jane Duchess of Gordon, watu wote na mali yote, na miezi michache kabla ya hapo dhoruba nyingine zilishachukua tatu. Bahari ilikula zaidi ya Wafaransa. Tofauti ni kwamba kimbunga huwezi kukipelekea jeshi, ila kisiwa unaweza.

Machi 1810 Duperré akatoka tena, safari hii na Bellone, Minerve na Victor pamoja, wakapita Madagaska na kuingia Mlango wa Msumbiji. Ndo tunarudi kwenye ile asubuhi ya Julai.

Wale Waingereza hawakuwa kondoo. Merikebu ya Kampuni ilikuwa na mizinga yake, kwa mbali inafanana na manowari kabisa, na hawa walikuwa na askari wengi ndani, kwa hiyo nahodha Meriton wa Ceylon akazipanga tatu zikaribiane zisaidiane. Mapigano yakaanza alasiri. Minerve ikatangulia, ikala mizinga ya wote, na Windham ikajaribu hata kujibandika ubavuni kwake ili askari waruke ndani, maana kwa wingi wa watu Waingereza ndo walikuwa na nafuu. Hawakufanikiwa. Muda si mrefu vilele vya milingoti ya Minerve vikaanguka ikabaki nyuma, na kwa dakika chache ilionekana kama meli zote tatu zingeponyoka, lakini Bellone ikafika, na hapo mizinga ya ratili 18 ikaongea lugha yake. Giza linaingia Ceylon ikasalimu, alafu Windham. Astell ikazima taa ikapotelea gizani. Kwenye Astell baharia mmoja, Andrew Peters, alipanda juu ya mlingoti akaipigilia bendera kwa misumari ili isishuke, akauawa wakati anateremka. Siku hiyo kwa pande zote mbili walikufa watu zaidi ya 40.

Na hiyo Windham, msomaji mwenzangu, ilikuwa inatekwa mara ya pili ndani ya miezi nane! Novemba ilichukuliwa na Hamelin, mwisho wa Desemba Waingereza wakaikomboa, sasa Julai imeangukia kwa Duperré.

Wakaenda kutengeneza milingoti Anjouan. Hapo pana ugumu wake, maana masultani wa Anjouan walikuwa wamezoeana na Waingereza miaka mingi, merikebu za Kampuni zilikuwa zinapata maji pale, na miaka ileile wenyewe Wakomoro walikuwa wanateswa na mashambulizi ya Wamalagasi waliokuwa wanakuja na mitumbwi mamia kuteka watu na kuwauza, mpaka pwani ya Kilwa na Mafia ilifikiwa. Kwa watu wa kisiwa kile vita vya Wazungu vilikuwa ni jambo la pili, wao walikuwa na vita vyao vya kuokoa watoto. Duperré akamaliza ukarabati, katikati ya Julai akang'oa nanga kurudi nyumbani na vyombo vitano.

Alichokuwa hakijui ni kwamba nyumbani kumebadilika. Waingereza walikuwa wamechoka, wakaamua kuziba shimo badala ya kumfukuza panya. Mwaka 1809 walishashika kisiwa cha Rodrigues wakakigeuza kituo, Julai 1810 wakaichukua Réunion, na tarehe 13 Agosti wakakishika usiku kisiwa kidogo cha Île de la Passe kinacholinda mlango wa Grand Port. Kapteni Nesbit Willoughby wa frigeti Nereide akaiacha bendera ya Ufaransa ikipepea juu ya ngome.

Tarehe 20 Agosti Duperré anafika, anaona bendera ya kwao, anaingia. Victor wa kwanza, Minerve, Ceylon. Walipokuwa mlangoni kabisa Waingereza wakafyatua, na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga: ile bendera ya Ufaransa waliyokuwa wanaishusha kwa haraka ikaangukia kwenye jiko la makaa ikashika moto, moto ukarukia mafungu ya baruti yaliyokuwa karibu, ngome ikalipuka, mizinga ikang'oka, watu wakafa na wengine kuungua vibaya. Bellone ikapita katikati ya moshi ikaingia ndani. Windham peke yake ikaogopa ikageuka kwenda upande wa pili wa kisiwa, na kesho yake mashua za Sirius, frigeti ya Kiingereza, zikaivamia, mabaharia walisahau silaha zao wakapanda na vile vibao vya kukanyagia miguu wakati wa kupiga makasia, wakaichukua. Mara ya nne inabadilisha mikono.

Tarehe 23 Agosti frigeti nne za Kiingereza, Sirius, Magicienne, Iphigenia na Nereide, zikaingia Grand Port kummaliza. Ghuba ile imejaa matumbawe, Wafaransa wameshayahamisha maboya, na Waingereza hawakuijua njia. Sirius ikapanda mwamba. Magicienne nayo ikakwama vibaya, mizinga yake mingi haielekei adui. Iphigenia ikazuiwa na fungu la mchanga. Ikabaki Nereide peke yake mbele ya Bellone na wenzake usiku mzima. Duperré akapigwa usoni na kipande cha chuma akaanguka, Bouvet akahamia Bellone akaendelea kupiga. Asubuhi Nereide ilikuwa na zaidi ya watu 200 waliokufa au kuumia kati ya 280 hivi, sitahani hakuna anayejibu. Magicienne na Sirius zikachomwa na wenyewe, Iphigenia ikajisalimisha siku chache baadaye kwa Hamelin. Ni ushindi pekee wa baharini wa enzi za Napoleon ulioandikwa kwenye lile tao kubwa la Paris, Arc de Triomphe.

Lakini hesabu ilikuwa imeshafungwa. Lord Minto, gavana mkuu wa Uhindi, alikuwa ameshaamua kisiwa kichukuliwe chote. Mwisho wa Novemba zikatokea meli karibu 70 na askari karibu 7,000, wakashuka Grand Baie tarehe 29, na tarehe 3 Desemba 1810 Decaen akasalimu. Miezi mitatu tu baada ya Grand Port. Bellone haikupigwa na chombo chochote, ilikamatwa bandarini pamoja na Minerve na Victor, imefungwa kamba, ikihesabiwa kama shehena ya ghala. Watumwa wa mashambani hali yao haikubadilika kwa kubadilika kwa bendera, walisubiri mpaka 1 Februari 1835.

Waingereza wakaipa Bellone jina Junon na kuitumia. Mwaka 1813 ilikuwa pwani ya Virginia, imesimama mlangoni inazuia meli za Wamarekani zisitoke, kazi ileile iliyokuwa inafanyiwa yenyewe miaka ile Isle de France. Mwaka 1817 ikabomolewa. Duperré akawa admirali, akaongoza meli za uvamizi wa Algiers mwaka 1830, kisha waziri. Willoughby alipoteza jicho usiku ule, na baada ya mapigano yeye na Duperré walilazwa kwenye nyumba moja pale Mahébourg, mji ulio kando ya ghuba ya Grand Port, wakitibiwa. Nyumba bado ipo, sasa ni makumbusho, na mabaki ya Sirius yapo chini ya maji ya ghuba mbele yake.